Vyombo vya kauri vya Uingereza vyenye michoro ya Kichina: Asili yake na jinsi ya kuvitambua na kuvikusanya

MNAMO Februari 2018, buli dogo la chai lisilokuwa na kifuniko, ambalo kishikio chake kilikuwa kimevunjika na kugundishwa tena, liliuzwa katika mnada mjini Salisbury, Uingereza, kwa pauni 460,000 kabla ya kuongezwa ada za mnada. Aliyelipeleka huko alikuwa amelinunua mnamo 2016 kwa pauni 15 pekee.

Buli hilo lilipambwa kwa rangi ya samawati. Upande mmoja lilikuwa na mandhari ya Kichina na upande wa pili ndege wawili wa jamii ya korongo wakiwa chini ya mti mfano wa mtende. Kwa mtazamo wa kwanza, halikutofautiana na mamia ya mabuli yaliyotengenezwa Uingereza katika karne ya 18. Wataalamu walipolichunguza, walibaini kuwa lilikuwa kazi ya John Bartlam, mfinyanzi wa Staffordshire aliyehamia South Carolina, Amerika, katika miaka ya 1760. Vyombo vya kauri vilivyotoka mikononi mwake na kusalia hadi leo ni vichache mno. Mnunuzi alikuwa jumba la makumbusho la Metropolitan la New York.

Tofauti kati ya pauni 15 na pauni 460,000 haikutokana na urembo wa buli lenyewe, maana lilikuwa lile lile. Ilitokana na maarifa. Hicho ndicho kiini cha ukusanyaji wa vyombo vya kale vya kauri vya Uingereza vyenye michoro ya Kichina: anayejua hununua kwa bei ya asiyejua, na asiyejua hulipia bandia kwa bei ya chombo halisi.

Mapambo yanayozungumziwa hapa huitwa shinuazeri, neno lenye asili ya Kifaransa. Maana yake ni sanaa ya Ulaya inayoiga, au inayojaribu kuiga, sanaa ya Uchina. Katika vyombo hivi mtu huona nyumba zenye paa zilizopinda ncha, madaraja, mashua, wavuvi, wanawake warefu wembamba waliovalia kanzu, milima iliyo mbali na miti ya maumbo ya ajabu. Aghalabu waliochora mambo hayo hawakuwahi kukanyaga Uchina. Walinakili vyombo vilivyoletwa na meli, na pale ambapo hawakuelewa walichokiona, walibuni chao.

CHAI NDIYO CHANZO

Kwa karne nyingi Uchina pekee ndiyo iliyokuwa na siri ya kutengeneza kauri halisi, yaani chombo cheupe, kigumu, kinachopitisha mwangaza na kulia kama kengele kikigongwa. Mji wa Jingdezhen ulikuwa kitovu cha kazi hiyo. Wafinyanzi wake walichanganya udongo mweupe uitwao kaolini na jiwe maalumu lililosagwa, kisha wakachoma mchanganyiko huo katika tanuri zenye joto la zaidi ya nyuzi 1,300 za Selsiasi. Rangi ya samawati waliipata kutokana na madini ya kobalti, ambayo huhimili joto hilo bila kuungua.

Katika karne za 17 na 18, kampuni za biashara za Ulaya zilileta kauri hizo kwa shehena kubwa. Meli zilizobeba majani ya chai zilihitaji kitu kizito cha kuwekwa chini ili zisiyumbe, nacho kisiharibiwe na maji wala kuambukiza chai harufu. Kauri ilifaa mno. Hivyo basi, chai na kikombe chake vilifika London katika safari moja.

Mnamo 1784 bunge la Uingereza lilipunguza ushuru wa chai kutoka asilimia 119 hadi asilimia 12.5. Kinywaji kilichokuwa cha matajiri kikateremka hadi kwa mafundi na wenye maduka. Kila nyumba iliyoanza kunywa chai ilihitaji buli, vikombe, visahani, bakuli la sukari na jagi la maziwa. Miaka saba baadaye, mnamo 1791, Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki iliamua kuacha kuagiza kauri za Kichina kwa wingi. Viwanda vya Uingereza, ambavyo vilikuwa vikishindana na Wachina kwa takriban miaka 50, vikapata nafasi ya kupumua.

VIWANDA VYA MWANZO

Wajerumani waliwatangulia Waingereza. Johann Friedrich Böttger alifaulu kutengeneza kauri halisi huko Saxony, na kiwanda cha Meissen kikaanzishwa mnamo 1710. Waingereza walianza katika miaka ya 1740. Maadamu hawakuwa na siri ya Meissen wala kaolini, walijaribu michanganyiko mbalimbali ambayo kwa pamoja huitwa kauri laini. Kwa mkusanyaji, tofauti za michanganyiko hiyo ndizo alama za kwanza za utambulisho.

Kiwanda cha Chelsea, London, kilianza takriban mwaka wa 1745 chini ya Nicholas Sprimont, sonara wa fedha aliyezaliwa Liège. Wateja wake walikuwa watu wa tabaka la juu, na vyombo vyake vingi viliiga maumbo ya vyombo vya fedha. Kiwanda cha Bow, mashariki mwa London, kililenga soko pana zaidi. Wenyewe walikiita Canton Mpya kwa kuiga jina la bandari ya Uchina iliyouza kauri kwa Wazungu, na vipo vidau vya wino vilivyoandikwa jina hilo pamoja na mwaka wa 1750. Bow ndicho kilichotangulia kutia majivu ya mifupa ya ng'ombe katika udongo ili chombo kisipinde tanurini.

Kiwanda cha Worcester kilianzishwa mnamo 1751 na kundi la wabia, miongoni mwao daktari John Wall. Mwaka uliofuata kilichukua kiwanda kidogo cha Bristol kilichokuwa kikitumia jiwe la sabuni kutoka Cornwall, jiwe la jamii ya lile linalochongwa vinyago Tabaka, katika eneo la Kisii. Jiwe hilo lilikipa Worcester ubora ambao wapinzani wake waliukosa: mabuli yake hayakupasuka yalipomiminiwa maji yanayochemka. Katika taifa lililokuwa likijifunza kunywa chai, sifa hiyo ilitosha kujenga jina.

Kiwanda cha Lowestoft, katika pwani ya mashariki, kilifanya kazi kuanzia 1757 hadi takriban mwaka wa 1800. Liverpool ilikuwa na viwanda vidogo kadhaa. Huko Caughley, jimbo la Shropshire, Thomas Turner, ambaye alikuwa amepata ujuzi Worcester, alifungua kiwanda katika miaka ya 1770 na kuwa mpinzani mkubwa wa mabwana zake wa zamani.

Mwanakemia William Cookworthy wa Plymouth aligundua kaolini huko Cornwall na kupata hataza ya kauri ngumu mnamo 1768. Hata hivyo, mchanganyiko ulioshinda yote ni ule uliokamilishwa na ukoo wa Spode huko Stoke-on-Trent mwishoni mwa karne ya 18. Ulikuwa na takriban nusu majivu ya mifupa, robo kaolini na robo jiwe la Cornwall. Kauri hiyo ya mifupa ndiyo iliyotawala viwanda vya Uingereza kuanzia wakati huo.

MKONO NA BAMBA LA SHABA

Michoro ya mwanzo ilifanywa kwa mkono. Mchoraji alipaka kobalti juu ya chombo kilichochomwa mara moja, kisha chombo kikachovywa katika majimaji yanayogeuka kuwa utando wa kioo na kurudishwa tanurini. Rangi ikanasa chini ya utando huo, ndiyo maana haifutiki. Rangi nyingine, kama vile nyekundu, kijani na dhahabu, zilipakwa juu ya utando na kuchomwa tena kwa joto dogo. Hizi hukwaruzika na kufifia zikitumiwa sana.

Kuanzia miaka ya 1750 ilibuniwa njia ya kuchapa. Fundi alichonga picha katika bamba la shaba na kulipaka rangi. Kisha alibandika juu yake karatasi nyembamba na, kabla rangi haijakauka, akaihamishia karatasi hiyo kwenye chombo. Bamba moja liliweza kupamba mamia ya sahani. Mkusanyaji hutofautisha njia hizi mbili kwa kutumia lenzi: mchoro wa mkono huonyesha mapito ya brashi na rangi iliyokolea hapa na kufifia pale, ilhali mchoro wa chapa huwa na mistari midogo sambamba iliyochongwa kwa ncha ya chuma. Mara nyingine huonekana mahali karatasi ilipokunjika au ambapo pande mbili za picha hazikukutana sawasawa.

HADITHI YA MWEREBI

Hakuna pambo la aina hii linalojulikana kuliko lile la mwerebi, mti ambao matawi yake huning'inia juu ya maji. Wataalamu wengi hulihusisha umbo lake lililozoeleka na kiwanda cha Spode takriban mwaka wa 1790. Michoro iliyolitangulia ilitoka Caughley, ambako Thomas Minton alijifunza kazi ya uchongaji. Katika umbo hilo kuna nyumba kubwa ya Kichina, mti wenye matunda, ua mbele, mwerebi, daraja lenye watu watatu, mashua, kisiwa na ndege wawili angani.

Waingereza wengi walikua wakisimuliwa kwamba picha hiyo inaeleza kisa cha kale cha Uchina: binti wa tajiri mkubwa alipendana na karani maskini, wakatoroka kupitia daraja huku baba akiwafuata, na hatimaye wakageuzwa kuwa njiwa. Ukweli ni kwamba kisa hicho hakina asili Uchina. Kilitungwa Uingereza na kusambaa kwa maandishi katikati ya karne ya 19, baada ya sahani zenyewe kuwa zimeuzwa kwa miongo kadhaa. Picha ilitangulia, hadithi ikatafutiwa nafasi ndani yake. Mwuzaji anayepandisha bei kwa kuisimulia kana kwamba ni urithi wa Wachina anauza ngano.

Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba sahani nyingi zenye pambo la mwerebi si kauri kamwe. Ni vyombo vya udongo mweupe wa kawaida. Spode alianza kuchapa picha za samawati katika vyombo vya udongo mnamo 1784, na viwanda vingi vya Staffordshire vikamfuata. Ukishika sahani ya kauri mbele ya taa na kuweka vidole nyuma yake, kivuli cha vidole huonekana. Sahani ya udongo haipitishi mwangaza. Zote mbili zina wakusanyaji wake, lakini hazina bei moja.

BIBI ALIYEFUNGUA NJIA

Miongoni mwa wakusanyaji wa mwanzo walioacha alama ni Lady Charlotte Schreiber, aliyezaliwa 1812 na kufariki 1895. Mwanamke huyu alikuwa ametafsiri kwa Kiingereza hadithi za kale za Wales. Mumewe wa kwanza alipofariki mnamo 1852, alisimamia mitambo mikubwa ya chuma ya Dowlais. Alipoolewa tena na Charles Schreiber, wawili hao walizunguka Uingereza na bara la Ulaya wakitafuta kauri katika maduka yenye vumbi na nyumba za wafanyabiashara wadogo, wakati ambapo watu wengi waliziona kuwa vyombo vilivyopitwa na wakati.

Alihifadhi kumbukumbu za safari zake katika shajara, akieleza alichonunua na mahali alipokipata. Mnamo 1884, baada ya kifo cha mume wake wa pili, alitoa mkusanyo wake wa kauri na vyombo vingine vya udongo vya Uingereza kwa jumba la makumbusho ambalo leo linaitwa Victoria and Albert, jijini London. Hadi sasa mkusanyo huo ni mojawapo ya misingi ya elimu hii, kwa sababu vipande vyake vinaweza kulinganishwa na vile vinavyoibuka minadani.

Wengine walifuata. Chama cha watafiti na wakusanyaji kilichokuja kuitwa English Ceramic Circle kilianzishwa mnamo 1927. Bernard Watney, daktari wa tiba, alichapisha mnamo 1963 kitabu kuhusu kauri za samawati na nyeupe za karne ya 18. Geoffrey Godden naye alitoa mnamo 1964 kamusi ya alama za viwanda ambayo wauzaji wengi huweka mezani hadi leo.

ALAMA ZINAZODANGANYA

Anayeanza kukusanya hupindua chombo na kutafuta alama. Hilo si kosa, ila alama pekee haitoshi. Chelsea ilitumia nanga: kwanza ya kunyanyuka, kisha nyekundu, kisha ya dhahabu. Worcester ilitumia hilali, herufi W na mraba uliochorwa kuiga mhuri wa Kichina. Caughley ilitumia herufi C na S. Lakini Worcester hiyo hiyo iliiga panga mbili zinazopishana za Meissen, Lowestoft ikaiga hilali ya Worcester, na C ya Caughley ikiandikwa haraka hufanana na hilali. Katika karne ya 18 kuiga alama ya mwenzako hakukuonekana kuwa aibu.

Fauka ya hayo, kampuni ya Samson ya Paris, iliyoanzishwa 1845, ilitengeneza nakala nyingi za vyombo vya kale pamoja na alama zake. Nyingi zilitengenezwa kwa kauri ngumu, ilhali Chelsea, Bow na Worcester zilitumia kauri laini. Chombo chenye nanga ya dhahabu iliyo kubwa na inayoonekana vizuri mno kinafaa kutiliwa shaka kabla ya kusifiwa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Njia iliyo bora ni kuchunguza udongo wenyewe. Kurunzi ikimulikwa kupitia kauri ya Worcester ya karne ya 18, mwangaza huelekea rangi ya kijani. Ile ya Caughley mara nyingi huelekea rangi ya chungwa. Bow na Lowestoft huwa na mwangaza wa manjano au hudhurungi, na sehemu nene za Bow huenda zisipitishe mwanga kabisa. Mkusanyaji huangalia pia umbo la kishikio, ukingo wa kitako, mahali utando wa kioo ulipokomea na uzito wa chombo mkononi.

Alama za miaka ya baadaye husaidia kuondoa shaka ya umri. Alama ya msajili yenye umbo la almasi ilitumika Uingereza kati ya 1842 na 1883, na kuanzia 1884 zikaja nambari za usajili. Neno linalotaja Uingereza kama nchi ya asili lilienea baada ya sheria ya forodha ya Marekani ya 1890, na maneno kamili yanayosema kuwa chombo kimetengenezwa Uingereza aghalabu ni ya karne ya 20. Kwa hivyo sahani yenye maandishi hayo haiwezi kuwa ya mwaka wa 1780, hata mwuzaji akiapa.

UDONGO UNAPOTOA USHAHIDI

Hata wataalamu wamewahi kurekebishwa na jembe la mwanaakiolojia. Vipo vyombo vya samawati vyenye alama za nambari zilizofichwa ndani ya maumbo yanayofanana na herufi za Kichina. Kwa miaka mingi vilihesabiwa kuwa vya Caughley. Uchimbaji katika eneo la kiwanda cha zamani cha Worcester ulipata vigae vya aina hiyo hiyo vilivyotupwa baada ya kuharibika tanurini, na ikabidi makabati ya makumbusho yaandikwe upya.

Vivyo hivyo, kundi la kauri za miaka ya 1740 zilizodhaniwa kuwa za Liverpool lilithibitishwa kuwa la kiwanda cha Limehouse, London, baada ya uchimbaji wa mwaka wa 1990. Kiwanda hicho kilidumu miaka michache tu. Waliokuwa na vyombo vyake waligundua kwamba wanamiliki baadhi ya kauri za kwanza za samawati kutengenezwa Uingereza.

Mafunzo ya visa hivi ni mawili. La kwanza, vyeti na maelezo ya zamani ya mauzo yanaweza kuwa na makosa hata kama yaliandikwa kwa nia njema. La pili, kigae kilichovunjika si takataka kwa mtafiti. Wapo wakusanyaji wanaotunza vipande vilivyomeguka kwa ajili ya kulinganisha udongo.

DOSARI NA UKARABATI

Bei ya chombo cha kauri huamuliwa kwa kiasi kikubwa na hali yake. Ufa mwembamba kama unywele, mdomo uliomeguka au mdomo wa buli uliorefushwa upya unaweza kuishusha bei hadi sehemu ndogo ya ile ya chombo kizima. Tatizo ni kwamba ukarabati wa kisasa huweza kuficha dosari hizo jicho lisizione.

Wenye uzoefu hufanya majaribio kadhaa. Hugonga chombo kwa kucha: kizima hulia kwa mlio safi, chenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Hupitisha kidole ukingoni, kwani rangi ya ukarabati huwa na ulaini na uvuguvugu tofauti na kauri, ambayo ni baridi na ngumu. Hutumia taa ya miale ya urujuanimno gizani, ambapo sehemu zilizokarabatiwa hung'aa kwa namna tofauti na zilizosalia. Hulinganisha kifuniko na buli lake, kwa kuwa vifuniko vingi vilivunjika na kubadilishwa na vya mabuli mengine.

Si kila dosari inatoka kwa matumizi. Vidoa vyeusi, mikwaruzo ya tanuri na kupinda kidogo kulitokea siku chombo kilipochomwa. Hizo haziondoi thamani kwa kiwango sawa na ufa.

PA KUANZIA

Mtu mwenye kipato cha wastani anaweza kuingia katika ukusanyaji huu. Tofauti na miaka ya 1980 na 1990, bei za vyombo vya kawaida vya Worcester na Caughley vilivyochapwa zimeshuka, kwa sababu vijana wengi wa Uingereza hawajazi tena makabati ya vyombo sebuleni. Kikombe na kisahani chake vyenye dosari ndogo hupatikana kwa makumi ya pauni. Vipande adimu vya miaka ya 1740 na 1750 bado huuzwa kwa maelfu.

Ushauri unaotolewa na wakusanyaji wa muda mrefu ni kuchagua eneo moja dogo na kulimudu: kiwanda kimoja, pambo moja au umbo moja, kama vile vikombe visivyo na vishikio ambavyo vilikuwa vya kawaida katika karne ya 18. Kabla ya kununua, ni heri kutembelea majumba ya makumbusho yenye mikusanyo mikubwa, mathalan Victoria and Albert na British Museum jijini London, makumbusho ya Royal Worcester mjini Worcester na yale ya wafinyanzi mjini Stoke-on-Trent. Picha za intaneti husaidia, lakini hazionyeshi uzito wala mwangaza unaopita katika udongo.

Kila ununuzi uandikiwe tarehe, bei, jina la mwuzaji, vipimo na dosari zilizoonekana, pamoja na picha. Mali bila daftari huisha bila habari, na katika fani hii daftari lenyewe huongeza thamani, kwa kuwa historia ya umiliki ni sehemu ya ushahidi.

Uoshaji unafaa kufanywa kwa mkono, kipande kimoja kimoja, katika beseni la plastiki lenye maji vuguvugu. Mashine ya kuosha vyombo na dawa za kung'arisha nguo huharibu dhahabu na gundi ya zamani. Vishikizo vya waya vya kuangikia sahani ukutani humega kingo.

La muhimu zaidi linahusu afya. Utando wa kioo wa vyombo vingi vya zama hizo ulitengenezwa kwa risasi, na vyakula vyenye uchachu, kama vile ndimu, siki na nyanya, vinaweza kuyeyusha kiasi cha madini hayo. Vyombo hivi ni vya kutazamwa na kusomwa. Si vya kuandalia watoto chakula.

SAHANI ZA PWANI NA SHERIA YA KENYA

Pwani ya Afrika Mashariki ilizijua kauri za Uchina kabla ya Uingereza kuzijua. Mabakuli ya Kichina yalipachikwa katika makaburi ya minara, yakiwemo ya Mambrui, na vigae vyake vimechimbuliwa katika magofu ya Gede. Nyumba za mawe za Lamu zilikuwa na zidaka ukutani ambamo vyombo vya thamani vilipangwa. Katika karne ya 19, sahani zilizotengenezwa Ulaya, za Uingereza zikiwemo, ziliongezeka katika biashara ya pwani na kuingia katika nyumba hizo. Lugha nayo inahifadhi ushahidi: Kiswahili hutumia neno kauri kwa chombo hiki na kwa gamba jeupe la baharini, na jina lake la Kizungu, lenye asili ya Kiitaliano, nalo lilikuwa la gamba hilo hilo.

Hivyo, si ajabu familia ya pwani kuwa na sahani ya samawati iliyorithiwa kutoka kwa nyanya. Kabla ya kuiuza kwa mgeni anayebisha hodi, ni vyema kujua kwamba Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka wa 2006 inavitambua kuwa vya kale vitu vinavyohamishika vilivyotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka wa 1895, na kwamba vitu kama hivyo havipaswi kutolewa nchini bila kibali. Maafisa wa Makumbusho za Kitaifa za Kenya ndio wa kuulizwa. Kuuliza si ujinga, na swali moja linaweza kuokoa kitu ambacho ukoo umekitunza kwa zaidi ya karne moja.

Viwanda vyenyewe havina tena nguvu ya zamani. Royal Worcester na Spode ziliwekwa chini ya wasimamizi wa mufilisi mnamo Novemba 2008, na mwaka uliofuata majina yake yakanunuliwa na kampuni ya Portmeirion. Kilichobaki cha karne ya 18 ni vyombo vilivyookoka karamu, mafuriko ya beseni na mikono ya watoto. Idadi yake haiwezi kuongezeka. Kila kimoja kinachovunjwa kwa uzembe, au kuuzwa kwa jina lisilo lake, kinapunguza ushahidi wa jinsi wafinyanzi wa nchi moja walivyojifunza kazi kwa kuiga ya wengine.